Macho ya Daktari, Mikono ya Mgonjwa: Kujiandaa kwa Miadi ya Video Mkoani Simiyu

Tiba mtandao ni utoaji wa huduma ya afya baina ya watu wasio mahali pamoja, na miadi ya video ni tawi lake moja, ambamo mgonjwa na daktari huonana na kusikilizana kwa wakati uleule kupitia skrini. Wazo hilo si geni Afrika Mashariki, kwa kuwa huduma ya madaktari wasafirio kwa ndege iliyoanzishwa mwaka 1957, ambayo ndiyo chimbuko la shirika la Amref, ilitumia simu za upepo kuziunganisha hospitali za pembezoni na wataalamu, miongo mingi kabla simu janja hazijafika vijijini.

Mkoa wa Simiyu nchini Tanzania, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na wenye wakazi zaidi ya milioni 2, una kila sababu ya kuielewa huduma hii. Mgonjwa huanzia zahanati, akapanda hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, na hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Bariadi. Tatizo likizidi uwezo wa mkoa, rufaa humpeleka hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, safari ambayo kwa mtu wa wilaya ya Meatu maana yake ni nauli ya watu wawili, malazi, na siku kadhaa za shamba la pamba kupotea. Si kila mahudhurio yanastahili gharama hiyo: kusomewa majibu ya vipimo, kurekebishiwa kipimo cha dawa za kisukari, au kufuatiliwa kwa mtoto mwenye seli mundu, yaani ugonjwa wa kurithi unaoharibu umbo la chembe nyekundu za damu, mara nyingi huwezekana kwa video iwapo vipimo vya damu vimekwisha kufanyika karibu na nyumbani.

Hata hivyo, daktari humchunguza mgonjwa kwa njia nne, ambazo ni kuangalia, kupapasa, kugonga kwa vidole na kusikiliza kwa stethoskopu, na video humwachia ile ya kwanza peke yake, nayo ikiwa na upungufu. Hizo nyingine sharti zifidiwe na mtu aliye upande wa mgonjwa, na ndiyo maana maandalizi ni sehemu ya uchunguzi wenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, inapowezekana, ni bora mgonjwa akae zahanati au kituo cha afya pamoja na tabibu au muuguzi, ambaye atalipapasa tumbo na kupima shinikizo la damu huku bingwa akiongoza kutoka mbali.

Anayehudhuria akiwa nyumbani anapaswa kukusanya mapema daftari la kliniki, majibu ya vipimo na dawa zote anazotumia zikiwa katika pakiti zake, zikiwemo za miti shamba, kwa kuwa baadhi yake hugongana na dawa za hospitali. Mwenye kipimo cha shinikizo la damu apumzike dakika 5, akae miguu ikiwa sakafuni na mkono ukiwa usawa wa moyo, kisha aandike namba zote mbili pamoja na saa ya kupima.

Lugha nayo huhitaji kuandaliwa. Neno «presha» kwa mmoja ni shinikizo la damu na kwa mwingine ni moyo kwenda mbio. «Chango» huweza kumaanisha maumivu ya hedhi, ugumba au tumbo tu. Mgonjwa aeleze anachokihisi, mahali kilipo, siku kilipoanza na kinachokizidisha, badala ya kutaja jina la ugonjwa. Mzee anayejieleza vyema kwa Kisukuma ana haki ya kuwa na mkalimani, ambaye awe mtu mzima aliyemchagua mwenyewe, wala si mjukuu anayelazimika kutafsiri mambo ya siri ya mwili.

Simu ichajiwe, bando litoshe, na mgonjwa akae pale mtandao unaposhika vizuri, uso ukielekea dirishani, kwa sababu mwanga ukitoka nyuma humfanya aonekane kivuli na kuficha umanjano wa macho. Sauti ina uzito zaidi kuliko picha, hivyo video ikikwama ni afadhali kuendelea kwa simu ya kawaida kuliko kukatiza miadi.

Miadi inapoanza, kila aliyemo chumbani atajwe, na mgonjwa aulize jina la daktari. Mtoto anayekohoa avuliwe shati akiwa ametulia, kamera ielekezwe kifuani na tumboni kwa dakika 1 nzima, ili pumzi zihesabiwe: pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya kumpeleka kituoni bila kuchelewa. Kabla ya kuagana, mgonjwa ayarudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe, maana kosa la kusikia vibaya husahihishwa papo hapo.

Yapo mambo ambayo skrini haiyawezi. Damu kwenye mkojo, ambayo katika ukanda huu mara nyingi hutokana na kichocho, huhitaji hadubini. Homa huhitaji kipimo cha malaria. Degedege, kifua kubana, pumzi kukatika au mtoto kushindwa kunyonya havisubiri miadi, na mjamzito anayetoka damu apigiwe namba 115 ya mfumo wa m-mama, unaopanga usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo picha za mwili zitumwe kwa njia iliyoelekezwa na hospitali tu, na zifutwe katika simu inayotumiwa na familia nzima. Ushauri uliotolewa, kwa upande wake, uandikwe katika daftari la kliniki na kupelekwa zahanati, kwa kuwa mhudumu wa pale ndiye atakayempokea mgonjwa huyohuyo usiku hali ikibadilika, naye hakuwapo kwenye skrini.