Sabufa mbili kwa risiva moja: Hasara huanzia kwenye waya

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MZIGO wa spika unaonunuliwa katika maduka ya Mtaa wa William na Mtaa wa Luwum, katikati ya Kampala, mara nyingi hauishii Kampala. Yako maboksi yanayopelekwa Arua Park na kupakiwa kwa safari ya Juba. Mengine huelekea Mpondwe kuingia Kongo, au Katuna kuingia Rwanda. Mwenye mzigo hulipa nauli, ushuru na wapakiaji mara moja tu ikiwa kila kitu kitalia kikifika. Kikigoma, hulipa tena kukirudisha, na faida ya safari nzima imekwisha.

Bidhaa inayohitaji uangalifu wa pekee ni sabufa, hasa mteja anapotaka mbili au tatu, kila moja na amplifaya yake, zote zifuate risiva moja. Wateja wa namna hiyo wapo kila upande wa mpaka: mwenye baa inayoonyesha mpira, familia inayotaka sinema sebuleni, na mwenye kibanda cha video, kama vile vya Kampala ambako VJ huweka tafsiri yake ya Kiganda juu ya filamu ya kigeni.

Anayetaka sabufa mbili si lazima awe anatafuta kelele tu. Besi haienei sawasawa chumbani: kiti kimoja hutikisika, cha jirani yake hakisikii kitu. Sabufa mbili zikiwekwa sehemu tofauti hupunguza tofauti hiyo, na kila moja hufanya kazi bila kulazimishwa.

Tundu moja, amplifaya mbili

Risiva nyingi zina tundu moja tu la sabufa, lililoandikwa SUB OUT au LFE. Mteja akiliona hudhani ameuziwa risiva isiyofaa. Kumbe tundu hilo halitoi nguvu ya kusukuma spika. Hutoa mawimbi dhaifu ambayo amplifaya huyakuza. Kwa hiyo yanaweza kugawanywa bila risiva kuumia. Kinachotakiwa ni kebo ya umbo la Y: kichwa kimoja kwenye risiva, viwili kwenye amplifaya. Zikiwa tatu, tazama kama amplifaya ya kwanza ina tundu la LINE OUT. Hilo hupeleka mawimbi kwa inayofuata.

Kosa la kwanza ni kuigeuza Y hiyo, yaani kuunganisha matundu mawili ya kutolea sauti yawe moja. Hapo kila tundu hulisukuma lingine, na chombo kinaweza kuharibika.

Kosa la pili huua amplifaya nyingi nzima. Fundi huchukua spika mbili za omu 4 na kuzifunga sambamba kwenye amplifaya moja iliyoandikwa kwamba isishuke chini ya omu 4. Zikiwa sambamba, spika hizo huwa omu 2. Amplifaya huvuta mkondo mkubwa kuliko uwezo wake, hupata joto, kisha hujizima au huungua. Mteja haoni kosa la fundi, humlaumu aliyemuuzia.

Mvumo na pini zinazobadilika mpakani

Lalamiko jingine ni mvumo usiokoma hata muziki ukizimwa. Chanzo chake mara nyingi ni waya wa ardhi. Risiva ikichomekwa soketi hii na amplifaya soketi ile ya mbali, umeme kidogo huzunguka kati yake kupitia kebo ya sauti, na spika huusema. Dawa ya kwanza ni kuchomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja nzuri. Mvumo ukibaki, kipo kifaa kidogo cha transfoma kinachowekwa katikati ya kebo ya sauti.

Dawa isiyofaa kabisa ni kukata pini ya ardhi. Mvumo unaweza kwisha, lakini hitilafu ikitokea ndani ya chombo, bati lake huweza kubeba umeme na kumpiga anayeligusa.

Hapa mpaka una neno lake. Uganda, Kenya na Tanzania hutumia zaidi plagi ya pini tatu bapa. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia pini za mviringo. Adapta nyingi za bei ndogo hazina njia ya ardhi, kwa hiyo amplifaya iliyokuwa salama Kampala huvuka Katuna na kupoteza kinga yake. Anayepeleka mzigo huko afungashe adapta yenye ardhi, au plagi ibadilishwe na fundi wa umeme.

Namba ya boksi, namba ya nyuma

Maboksi mengi huandikwa maelfu ya wati kwa herufi PMPO. Hiyo ni namba ya kuvutia macho. Namba ya kuaminika ni ile ya RMS, na kibao cha nyuma kinachoonyesha umeme chombo unaotumia. Amplifaya haiwezi kuendelea kutoa wati nyingi kuliko inazovuta ukutani. Ikiwa kibao kinasema wati 80 na boksi linasema 5,000, kiamini kibao. Mteja anayetumia jenereta au sola anaihitaji namba hiyo kuliko mwingine yeyote.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aunganishe mfumo wote dukani. Washa risiva kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya. Pandisha sauti ya sabufa moja, kisha nyingine, halafu zote pamoja. Zikilia pamoja na besi ikapungua badala ya kuongezeka, zinapingana: geuza swichi ya PHASE ya mojawapo kutoka 0 kwenda 180. Kwenye risiva, anza kwa kukata sauti kwenye hezi 80, na kitufe cha kukatia cha amplifaya kiachwe juu kabisa ili visikate mara mbili.

Risiti nayo ina uzito wake. Sabufa iliyotengenezwa China haipati unafuu wa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Kununuliwa Kampala hakuifanyi kuwa bidhaa ya Uganda. Ni vema kuuliza ofisi ya forodha kabla ya kupakia, na kubeba ankara yenye bei halisi na aina ya kila chombo.

Kujaribu mfumo dukani huchukua dakika chache, na kebo ikikosekana duka la jirani lipo. Mzigo ukishavuka Elegu na kufunguliwa Juba mbele ya mteja, kebo hiyo hiyo ndogo inaweza kumgharimu mfanyabiashara safari nzima, na mteja ambaye angerudi kununua tena.