Safari ya Wanafunzi Ifuate Mto Tana

Wahenga walinena kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Methali hii hukaririwa sana madarasani mwetu, lakini ni nadra kutekelezwa kwa namna inayomfaidi mwanafunzi. Ziara ya masomo aghalabu imegeuka mbio za basi. Wanafunzi hupakiwa alfajiri hapa Garissa, husinzia njia nzima, huamshwa Mombasa, hupigwa picha mbele ya Ngome ya Yesu, kisha hurejeshwa nyumbani. Wakiulizwa waliona nini, hujibu: bahari.

Maoni ya makala haya ni kwamba njia yenyewe ndiyo somo. Barabara ya kutoka Garissa kwenda Malindi kupitia Bura, Hola na Garsen ina urefu wa zaidi ya kilomita 300, na sehemu yake kubwa huandamana na Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Mwalimu mwenye busara angewapa wanafunzi wake swali moja tu la kuwaongoza tangu mwanzo hadi mwisho: maji huwafanyia nini wanadamu?

Kituo cha kwanza kiwe daraja la Garissa. Mtoto wa Iftin hahitaji kuelezwa habari za ukame. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ilikosa kwa mfululizo na mifugo ikaangamia. Halafu mwaka 2023 na 2024 mto uleule ukafurika, ukakata barabara na kuwahamisha watu makwao. Hayo ameyaona kwa macho yake. Kinachobaki ni kumfunza kuwa aliyoyaona ni historia, sawa na yaliyomo vitabuni.

Kutoka hapo nyika inatanda hadi Bura na Hola, palipo na mashamba ya kunyunyiziwa maji. Huko Wapokomo hulima kando ya mto, nao Waorma huleta ng'ombe wao kunywa. Hola pana somo zito zaidi. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa vita vya Mau Mau walipigwa hadi kufa kwa kukataa kufanya kazi waliyolazimishwa na wakoloni. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji yaliyoletwa kwa gari. Uchunguzi ulipofanywa, majeraha yao yalifichua ukweli. Je, kuna mahali bora zaidi pa kumfundisha kijana kwamba taarifa rasmi hupimwa kwa ushahidi?

Baada ya Garsen na Malindi, msafara ufike Gedi. Mji huu wa mawe ulistawi sana katika karne ya 15, ukaachwa ukiwa katika karne ya 17. Tangu mwaka 1948, James Kirkman alipoanza kuuchimbua, zimepatikana nyumba, misikiti, makaburi na vigae vya kaure kutoka Uchina. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, mwanafunzi wa Iftin asiishie kustaajabia kuta. Achungulie visima. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwa Gedi ni kupungua kwa maji visimani, na vilevile kuenea kwa Waoromo kutoka kaskazini, ambao Waorma aliowaona njiani ni jamaa zao. Hapo ndipo atakapotambua kwamba magofu ya pwani na nyika ya kwao vimo katika hadithi moja.

Watakuwepo wenye kupinga. Watataja gharama na usalama, na hoja zao si za kupuuzwa. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na walimu wengi waliotoka sehemu nyingine waliondoka katika eneo hili. Basi la wanafunzi lisiondoke kabla ya kushauriana na vyombo vya usalama, wala lisisafiri usiku. Kuhusu gharama, shule mbili au tatu zaweza kuchangia basi moja na kuomba malazi katika shule zilizo njiani wakati wa likizo.

Lakini hofu ikiachwa kuwa mwalimu mkuu, itafunza somo moja tu: kwamba huku si pa kuja na huko si pa kwenda. Ndiyo maana, hali ya usalama inaporuhusu, safari hizi ziwe za pande mbili. Wanafunzi wa Malindi nao waje Garissa, kisha wapande hadi Wajir wakaone visima vya kale, ambavyo masimulizi ya Wasomali husema vilichimbwa na Wamadanle, watu wenye miili mikubwa waliowatangulia. Wakifika, wavilinganishe na vile vya Gedi.

Iftin kwa Kisomali maana yake ni nuru. Walimu wa historia na jiografia waketi pamoja muhula huu, wachore ramani ya safari hiyo, na wawape wanafunzi kalamu na daftari kabla ya kuwapa tikiti. Asiyejua njia iliyo mbele ya mlango wake hatafaidika kwa kukariri habari za Misri na Roma.