Kabla ya Kuifuta Programu Yako, Iulize Majina Yake

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuweke kando siasa na bei ya unga, tuzungumze jambo la kompyuta. Nalileta hapa kwa sababu vijana wetu wengi wa Pwani sasa wanasomea fani hii, na baadhi yao wanakata tamaa mlangoni kwa kukosa wa kuwaelekeza.

Juzi baada ya sala ya Isha alinijia kijana wa mtaani kwetu, laptopu kwapani na uso umemsawijika. Alibakiwa na siku mbili kuwasilisha mradi wake wa mwisho wa stashahada. Mradi wenyewe ni mzuri: programu ya kukadiria maji kujaa na kupwa, ili mvuvi ajue mapema bamvua ni lini. Lakini kila akijaribu kuiunganisha, kompyuta inakataa. Inamwambia "undefined reference", yaani kuna majina yametajwa ila wenyewe hawaonekani. Majina yalikuwa mawili: `cos` na `tarehe_ya_mwezi`.

Tatizo halikuishia hapo. Sehemu ya kalenda iliandikwa na mwenzake, ambaye amekwenda Ghuba kutafuta riziki. Alichomwachia ni faili moja tu, `kalenda.o`, ambayo imeshageuzwa kuwa lugha ya mashine.

"Ami, hii haisomeki," akaniambia. "Bora niifute nianze upya."

Nikamwambia, "Mwanangu, usifute kitu. Iulize kwanza."

Hapa yafaa nieleze kidogo. Ukiandika programu kwa lugha ya C, kompyuta haiitumii vile ulivyoiandika. Kwanza kompaila huigeuza kila faili ya maandishi kuwa faili ya mashine, ambayo jina lake huishia kwa `.o`. Kisha linka huzikusanya faili hizo na kuzifunga pamoja ziwe programu moja. Faili ya `.o` ni kama kontena lililofungwa pale Kilindini. Huoni kilichomo, lakini lina orodha ya shehena. Orodha hiyo hutaja majina ya vitu vilivyomo ndani, na pia majina ya vitu ambavyo faili inavihitaji kutoka kwingine.

Amri ya kuisoma orodha hiyo ni fupi mno: `nm`. Jina lake latokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "orodha ya majina". Si amri ya leo wala ya jana. Imo katika kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix cha mwaka 1971, mfumo uliotengenezwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie kule Bell Labs, Marekani. Ukiwa na Linux yenye kompaila ya GCC, tayari unayo, na hailipiwi hata senti.

Tukafungua dirisha la amri, tukaandika `nm maji.o`, ile faili yake mwenyewe. Ikajibu:

```
                 U cos
0000000000000000 T kimo_cha_maji
                 U tarehe_ya_mwezi
```

Tazama ile herufi ya katikati, ndiyo yenye siri yote. `T` maana yake kazi hii imo humu ndani na wengine wanaruhusiwa kuiita. `U` maana yake jina limetajwa, lakini mwenyewe hayumo, atafutwe kwingine. Ndiyo maana mbele ya `U` hakuna namba: asiyekuwepo hana anwani.

Kisha tukaandika `nm kalenda.o`, ile "isiyosomeka":

```
0000000000000000 t gawa_siku
0000000000000000 D majina_ya_miezi
0000000000000040 T siku_ya_mwezi
```

Kijana akanyamaza, kisha akacheka. Kumbe mwenzake aliiita kazi ile `siku_ya_mwezi`, naye miezi yote akiita `tarehe_ya_mwezi`. Mtu yupo nyumbani, wewe wabisha hodi kwa jina la jirani.

Herufi nyingine nazo zina maana. `D` ni data iliyopewa thamani tangu mwanzo, kama orodha ile ya majina ya miezi. `B` ni data iliyotengewa nafasi ila haijapewa thamani. Herufi ndogo, kama ile `t` ya `gawa_siku`, huonyesha jina la ndani ya faili hiyo tu; mtu wa nje hawezi kuliita. Kwa hivyo ukiona kazi unayoitafuta imeandikiwa `t` ndogo, jua mwenyewe aliifungia ndani.

Ikabaki `cos`. Hiyo ni hesabu ya kosaini, na programu ya maji haiwezi kuikwepa kwa sababu maji ya bahari hupanda na kushuka kwa mawimbi ya mzunguko. Kosaini hukaa katika maktaba ya hesabu, na linka haiichukui maktaba hiyo mpaka uitaje. Akalirekebisha jina katika `maji.c`, akaigeuza upya, halafu akaandika:

`gcc kuu.o maji.o kalenda.o -lm -o majira`

Ile `-lm` ndiyo inayoita maktaba ya hesabu, na mahali pake ni baada ya faili zinazoihitaji.

Lakini tusidanganyane, `nm` haisemi kila kitu. Hutoa jina tu. Haikwambii kazi hiyo inataka ipewe nini wala hurudisha nini. Kwa hilo ilibidi kijana ampigie mwenzake simu usiku uleule. Vilevile, programu nyingine huondolewa orodha yake ili ziwe ndogo, na ukiziuliza hujibu "no symbols". Ikiwa ni maktaba ya pamoja, ile inayoishia kwa `.so`, jaribu `nm -D`. Na ikiwa ni lugha ya C++, ambayo majina yake huvurugwa na kompaila, ongeza `-C` yasomeke kama yalivyoandikwa.

Kazi yote ilituchukua chini ya saa moja. Alhamdulillahi, asubuhi ya siku ya kuwasilisha programu ilikuwa inafanya kazi. Kazi ya miezi ilikuwa ifutwe kwa sababu ya jina moja lililokosewa.

Wazazi, mkimwona mwana amekaa mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi, msidhani anacheza. Nanyi vijana, kompyuta ikiwakataa, someni kwanza inalotaja jina. Kuuliza si ujinga, hata anayeulizwa akiwa ni faili.