Tusi Lililoifungia Opera

Wanangu, sogeeni karibu. Nawasimulia habari za malkia wawili ambao katika maisha yao hawakuonana hata siku moja, na za opera iliyowakutanisha uso kwa uso, kisha ikaponzwa na mkutano huo.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, okestra ikiwasindikiza waimbaji. Hii ninayoisimulia inaitwa Maria Stuarda. Muziki wake ulitungwa mwaka 1834 na Gaetano Donizetti, mzaliwa wa Bergamo, kaskazini mwa Italia. Na maneno je? Yaliandikwa na Giuseppe Bardari, kijana wa miaka 17 hivi aliyekuwa akisomea sheria mjini Naples. Ndiyo, umri wa kaka zenu wa sekondari! Maishani mwake hakuandika opera nyingine.

Bardari aliichukua tamthilia ya Mjerumani Friedrich Schiller, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1800, akaipunguzia wahusika. Kisa chenyewe kina asili ya kweli. Maria Stuart alikuwa malkia wa Uskoti. Mwaka 1568 alikimbia nchi yake akaomba hifadhi Uingereza kwa ndugu yake, Malkia Elizabeth. Badala ya hifadhi akapata kifungo. Alizungushwa ngome moja hadi nyingine kwa karibu miaka 19, na tarehe 8 Februari 1587 akakatwa kichwa. Katika miaka yote hiyo, wawili hao waliishia kuandikiana barua tu.

Schiller aliona kwamba jukwaani barua hazitoshi, lazima waonane. Basi tazameni. Maria ametolewa nje ya ngome, anakimbia bustanini kama mtoto aliyefunguliwa mlango. Analiona wingu, analiomba limbebe hadi Ufaransa alikolelewa. Mara pembe za wawindaji zinalia, na Elizabeth anatokea na watu wake. Maria anameza fahari yake, anapiga magoti, anaomba msamaha. Elizabeth anamdhihaki mbele ya watu, anamwita mwenye aibu na mwenye damu mikononi. Maria anavumilia, anavumilia, hadi uvumilivu unamwishia. Anasimama, anamwambia malkia wa Uingereza machoni pake kwamba ni mwana wa haramu, na kwamba kiti anachokikalia amekichafua.

Kwa tusi hilo Maria amejiua mwenyewe, naye anajua. Lakini kwa dakika chache mfungwa amekuwa malkia, na malkia hana la kujibu. Mimi katika kazi zote za Donizetti sioni mahali penye moto kuliko hapo.

Moto huo uliwaunguza kwanza waimbaji wenyewe. Huko Naples, katika mazoezi, Giuseppina Ronzi de Begnis aliyeimba Maria alilitoa tusi kwa uchungu hivi kwamba mwenzake, Anna Del Sere aliyeimba Elizabeth, akaona limemlenga yeye. Wakashikana na kupigana, wenzao wote wakiwatazama.

Walipatana, mazoezi yakaendelea hadi mwisho. Ndipo Mfalme Ferdinand wa Pili wa Naples alipoipiga marufuku opera nzima, bila kutangaza sababu. Watu walimtaja mkewe, Maria Cristina, mcha Mungu sana ambaye katika ukoo wake mlikuwa na damu ya Maria Stuart. Nami naongeza jambo moja. Bibi yake Ferdinand alikuwa dada wa Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa aliyekatwa kichwa na wanamapinduzi mwaka 1793. Mfalme wa ukoo huo angefurahiaje kuona kichwa chenye taji kikipelekwa kwenye shoka, na tena kwa muziki wa kuwaliza watu?

Donizetti alilazimika kuuhamishia muziki wake katika kisa kingine cha ugomvi wa koo za Florence ya kale, kikaitwa Buondelmonte. Kilionyeshwa Naples tarehe 18 Oktoba 1834. Hakikufanikiwa.

Maria mwenyewe alipanda jukwaani tarehe 30 Desemba 1835, katika ukumbi wa La Scala mjini Milano. Aliyemwimba ni Maria Malibran, mwimbaji aliyependwa Ulaya nzima, ingawa usiku ule sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa ugonjwa. Wakaguzi wa serikali walitaka maneno makali yabadilishwe, tusi likiwa la kwanza. Malibran akakataa, akaliimba kama lilivyoandikwa. Baada ya maonyesho machache tu, opera ikafungiwa tena. Mwaka uliofuata Malibran akafariki, akiwa na miaka 28 tu.

Ikaimbwa hapa na pale. Naples yenyewe iliiona mwaka 1865, ufalme wa akina Ferdinand ukiwa umekwisha kuanguka. Kisha kimya kirefu, hadi Bergamo, mji wa Donizetti, ulipoifufua mwaka 1958. Miaka ya 1980 karatasi alizoziandika Donizetti kwa mkono wake zilipatikana Stockholm, Uswidi, na wataalamu wakaweza kurekebisha makosa yaliyoingizwa na wanakili. Usiku wa kuamkia mwaka 2013, ukumbi wa Metropolitan wa New York uliionyesha kwa mara ya kwanza, Joyce DiDonato akiimba Maria.

Mkipata nafasi ya kuisikiliza, msianze na tusi. Anzeni karibu na mwisho, Maria anapoomba dua pamoja na watumishi wake kabla ya kwenda kuuawa. Kwaya inaimba taratibu, na juu yake Maria anaishika noti moja, anaishika, haiachi, huku sauti za wengine zikipita chini yake. Dakika chache baadaye anatuma ujumbe kwa Elizabeth kwamba amemsamehe. Kisha mzinga unalia.