Sensa Mpya, Taa Ileile

Sensa ya oksijeni yenye hita, ile inayofungwa kwenye bomba la ekzosi karibu na injini, imetengenezwa idumu. Gari likiwa zima, sensa kufikisha kilomita laki moja na nusu si ajabu. Ndiyo maana mwenye gari akiniambia kwamba alibadilisha sensa mwaka jana, akabadilisha tena kabla ya Ramadhani, na sasa taa ya cheki injini imewaka upya, sikubali haraka kwamba tatizo ni sensa. Ama kuna kitu kinaziua, ama hazijafa na kodi ya hitilafu, yaani namba inayotolewa na kompyuta ya gari, imesomwa vibaya.

Hilo la kodi ndilo linalomaliza fedha za watu. Mashine ya kusoma kodi ikiandika P0135, haijasema sensa imekufa. Imesema kompyuta ya gari imeona hitilafu kwenye saketi ya hita ya sensa ya mbele. Saketi hiyo ina fyuzi, ina relei kwenye magari mengi, ina waya zinazopita jirani na bomba la moto, ina soketi, na mwisho kabisa ndiyo hita. Hita imewekwa kwa sababu kauri ya zirkonia iliyomo ndani haifanyi kazi ikiwa baridi. Inataka joto la nyuzi 300 na zaidi. P0171 nayo inalalamikia mchanganyiko mwepesi, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, na huenda sensa iliyopeleka malalamiko hayo ndiyo kifaa kinachosema kweli kuliko vyote chini ya boneti. Mjumbe hauawi, walisema wahenga, lakini kila siku sensa nzima zinang'olewa kwa kosa la kuleta habari.

Kabla ya kununua chochote, chomoa soketi ya sensa upime hita yenyewe kwa mita ya umeme, ulinganishe na kiwango cha kitabu cha gari hilo. Kisha pima kama umeme unafika kwenye soketi, na hapa mita peke yake inadanganya. Waya ulioliwa na kutu hadi ukabaki uzi mmoja bado utaonyesha volti 12, kwa kuwa mita haivuti umeme wa kutosha kuuelemea. Mimi hutumia balbu ya taa ya breki, ya wati 21, inayovuta karibu ampea 2. Balbu ikiwaka hafifu wakati betri iko vizuri, tatizo liko kwenye waya, fyuzi, relei au athi, na sensa mpya ingewekwa hapo bure. Kagua pia waya ulipogusa ekzosi. Kwenye magari yaliyokwisha kushushwa injini, vibanio vya waya huwa vimepotea, na waya unaoning'inia huyeyuka polepole hadi ushoti.

Ikiwa umeme uko sawa na hita imekatika kweli, au sensa imekuwa nzito kujibu, usitupe ile ya zamani. Itazame kichwani. Masizi meusi makavu ni dalili ya petroli nyingi: nozeli inayovuja, presha ya petroli iliyozidi, au sensa ya joto la maji inayoiambia kompyuta kwamba injini bado ni baridi. Unga mweupe wenye chembechembe hutokana na silika, ambayo huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulanti inayoingia kwenye silinda kupitia gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Ya pili ni gundi ya silikoni aliyopaka fundi. Zile gundi zinazonuka siki zinapokauka ndizo za kuogopa zaidi: mvuke wake hufyonzwa na injini, huungua, na kuacha ukoko juu ya sensa usiotoka. Zipo silikoni zilizoandikwa kwenye tyubu kwamba ni salama kwa sensa, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya fundi wa injini kuwa na nyingine. Rangi ya kutu au chungwa mara nyingi hutokana na viongezi vya manganizi ndani ya petroli.

Kuhusu petroli, bado nasikia kwamba risasi ndiyo inayoua sensa zetu. Ilikuwa kweli zamani. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikaacha 2021. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni jambo jingine: huungua vibaya na kujaza masizi. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu hiyo.

Muuaji ninayemkuta zaidi kwenye magari ya umri mkubwa ni oili. Chukua injini ya Toyota 1ZZ-FE ya lita 1.8, iliyomo kwenye Allion, Premio, Wish na Opa nyingi zinazotembea mijini kwetu. Pistoni za zile zilizotengenezwa kabla ya 2005 zina matundu madogo ya kurudishia oili nyuma ya ringi. Yakiziba kwa kaboni, ringi hukwama, na oili hupanda na kuungua pamoja na petroli. Oili ya injini ina fosforasi na zinki za kuzuia vyuma kulika. Zikiungua huacha utando wa majivu juu ya sensa na ndani ya katalaiza. Mwenye gari anayeongeza oili kati ya sevisi na sevisi, na kuona moshi wa bluu akikanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima, ajue kwamba sensa yoyote atakayofunga itapita njia hiyohiyo. Fedha za sensa ya tatu ziende kwenye ringi na pistoni.

Ekzosi inayovuja mbele ya sensa nayo husingiziwa sana kuwa sensa mbovu. Watu hudhani moshi hutoka tu. Kati ya pigo moja la moshi na jingine, presha ndani ya bomba hushuka na hewa ya nje huingia kwenye ufa. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inaongeza petroli, plagi zinakuwa nyeusi, na matumizi ya mafuta yanapanda. Washa injini asubuhi ikiwa baridi, sikiliza sauti ya "ti-ti-ti" kwenye manifoldi, na tafuta alama za masizi kwenye gasketi.

Kodi ya P0420 inahusu katalaiza. Sensa ya nyuma, iliyofungwa baada ya katalaiza, ipo hasa kuifuatilia. Katalaiza ikikatwa na kuuzwa, kama inavyofanyika sana, sensa ya nyuma huona moshi uleule unaoonwa na ya mbele, na kuibadilisha hakutazima taa hata ukifunga ya dhahabu.

Wakati wa kununua, linganisha namba ya spea. Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina mbele sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, isiyofanana kimatendo na ile ya kawaida inayopanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9. Zote zina waya nne, lakini hazibadilishani. Na usikubali waya zikatwe na kuungwa kwa risasi ya kulehemu. Sensa nyingi hulinganisha moshi na hewa safi inayopita katikati ya nyuzi za waya zake, na risasi huziba njia hiyo. Sensa mpya inaweza kuanza kusoma uongo tangu siku ya kwanza.

Baada ya kufunga, futa kodi, endesha mpaka injini ipate moto, kisha angalia kwenye mashine asilimia ya marekebisho ya petroli ya muda mrefu. Ikitulia ndani ya 10 juu au chini ya sifuri, gari liko sawa. Ikipanda kuelekea 20 kwa sensa mpya kabisa, rudi kwenye mipira ya hewa, presha ya petroli na gasketi ya manifoldi.