Je, Wajua? Sauti Kwanza, Herufi Baadaye

Mtoto akikwama mbele ya neno fupi kama "kiti", wengi hulaumu macho yake au uvivu. Mara nyingi kilichokosekana ni sikio lililozoezwa kusikia sauti zilizomo ndani ya neno. Mzazi anaweza kulizoeza sikio hilo nyumbani.

Je, wajua kwamba mtoto hujifunza kusema kwa kusikia watu wakiongea, lakini kusoma hakuji bila kufundishwa? Maandishi yana umri wa miaka 5,000 hivi tu. Hakuna anayezaliwa na kipaji cha kusoma. Usimwite mjinga mtoto anayechelewa kusoma. Mfundishe.

Je, wajua kwamba jina la herufi si sauti yake? Anayekariri "be, a, be, a" hawezi kufika kwenye "baba" kwa urahisi. Mtamkie silabi nzima, ba, kisha ba-ba, kisha neno lote bila kusita katikati.

Je, wajua kwamba herufi nane zinatosha kuanza kusoma? Chukua irabu a, e, i, o, u, uongeze k, m na t. Utapata silabi 15, na humo mna kiti, koti, keki, moto, mate na tikiti. Ukimwonyesha m inayosimama bila irabu, anapata pia mkate, mkeka na mtoto. Basi usingoje amalize a mpaka z ndipo umpe neno la kusoma.

Je, wajua kwamba "mbu" ina silabi mbili, sawa na "mbuzi"? Piga naye makofi: m-bu, mbu-zi. Katika neno la kwanza m ni silabi kamili, tena ndiyo inayobeba mkazo. Katika la pili imeshikana na b. Jambo hili hueleweka kwa makofi kabla ya maelezo.

Je, wajua kwamba ritifaa ndogo hubadili sauti? Ng' ya "ng'ombe" ni sauti moja ya puani; katika "ngoma" unasikia pia g. Mtamkie yote mawili, moja baada ya jingine, naye ayarudie.

Je, wajua kwamba Kiswahili humlipa mapema anayejifunza kusoma? Irabu tano, sauti tano. Kiingereza hutumia herufi hizo hizo kwa sauti za irabu zinazokaribia 20. Tazama cough, though na through. Utafiti wa lugha 13 za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa watoto wanaosoma kwa Kiingereza huchukua muda mrefu zaidi kumudu misingi ya kusoma.

Je, wajua kwamba kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu? Alama za irabu fupi zilikuwa tatu tu, hivyo e na i ziliweza kuandikwa sawa, vivyo hivyo o na u. Msomaji alilazimika kuijua lugha vizuri ili apate neno lililokusudiwa.

Je, wajua kwamba kuchanganya b na d ni kawaida kwa mtoto aliye chini ya miaka saba? Kikombe hubaki kikombe mkono wake ukielekea kulia au kushoto, lakini b ikigeuzwa huwa d. Ni kanuni mpya kwake, na hahitaji kuchapwa ili aizoee.

Je, wajua kwamba neno lisilo na maana hufichua mengi? Mwandikie "lefo" au "fepu". Akilisoma, anaunganisha sauti kweli; akishindwa huku akijua ukurasa mzima wa kitabu chake, huenda ameukariri.

Je, wajua kwamba mwaka 2015 Tanzania ilianza mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliokazia KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwaka huo huo Kenya ikaanza mpango wa Tusome? Shule zina wajibu wake, lakini darasa lenye watoto wengi halimpi kila mmoja zamu ya kutosha. Zamu hiyo mpe wewe, hata mkiwa njiani. Sema "bata". Mwambie aondoe ba, aweke ka: kata. Aweke pa: pata. Mchezo huu hauhitaji kitabu wala fedha, na unaweza kuanza leo.