Kilimanjaro Hupigwa kwa Hesabu ya Jua

Anayetaka picha nzuri ya Kilimanjaro huanza kuulizia kamera. Mimi namshauri aanze na jua. Miongozo mingi ya upigaji picha imeandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, na ile ahadi ya saa nzima ya mwanga laini baada ya macheo haitufai sisi wa karibu na ikweta. Huku jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Mwezi Machi au Septemba hufika nyuzi 6, ambapo rangi ya dhahabu huanza kupotea, kwa dakika 24 hivi. London huchukua karibu dakika 40. Stendi na kamera viwe tayari kungali giza.

Hata upande wa kupigia una majira yake. Amboseli iko kaskazini mwa mlima. Juni jua huchomoza likiegemea kaskazini na kuumulika uso unaotazamana nawe. Desemba huegemea kusini, na neema hiyo huhamia kwa aliye Moshi. Ukiwa Amboseli asubuhi, mwanga hutokea kushoto, upande wa kilele cha Mawenzi, na makorongo ya Kibo, kilele kikuu, hujichora kwa vivuli. Ni vivuli hivyo vinavyoupa mlima mbavu na kina. Ikikaribia saa 4 vimeshafupika, na mara nyingi hewa yenye unyevu iliyopata joto miteremkoni imeshapanda ikawa mawingu, Kibo hakionekani tena.

Wapo watakaosema simu za siku hizi hurekebisha mwanga zenyewe. Kweli, huunganisha picha kadhaa, zikang'arisha penye giza na kupunguza ukali penye mwanga. Ila kivuli ambacho hakikuwepo hazikirudishi: mlima uliopigwa jua likiwa utosini utatoka bapa, hata rangi zikolee vipi.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya wapiga picha wa pwani, ambao saa 6 mchana ndiyo saa yao. Wako sahihi. Pale Paje, Unguja, jua la utosini hupenya maji ya kina kifupi, likagonga mchanga mweupe na kurudi na ile rangi ya feruzi. Asubuhi mapema maji huakisi mbingu tu. Kwa hiyo bado tunahesabu jua, ila Paje tunaongeza na mwezi: siku za bamvua bahari hutoka mbali sana, na ukifika maji yamekupwa utakuta madimbwi na mashamba ya mwani, picha nzuri pia, lakini siyo uliyoifuata.